Wapenzi wa zamani wakikutana tena kisiwani: jibu kwa mwandishi aliyekwama sura ya tisa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi ya mapenzi ya mfululizo. Rehema anafika kwenye hoteli ya kisiwani kwa harusi ya mdogo wake, siku saba, na anakuta meneja wa hoteli ni Daudi, ambaye waliachana miaka tisa iliyopita. Waliachana kwa sababu Rehema aliona ujumbe wa mwanamke kwenye simu ya Daudi, kumbe ni binamu yake. Nimefika sura ya tisa. Wasomaji walianza kwa shangwe, sasa wanalalamika kwamba hawa wawili wanagombana, wanapatana, wanagombana tena. Nimepanga dhoruba iwafungie chumba kimoja, kisha mchumba wa Rehema atokee kuwaharibia, halafu mwisho warudiane kwenye fungu la mchanga walilotembelea siku ya kwanza. Nifanyeje warudiane bila kuonekana nimewalazimisha? Na je, walale pamoja kabla hawajasameheana? Sura ya mwisho nimeipanga iwe “miaka miwili baadaye”, wana mapacha na nyumba yenye veranda.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nimezisoma sura zote tisa. Lile tukio la mapokezi, Rehema anaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni na Daudi analisoma kichwa chini kabla hajainua macho kumtazama mwenye mkono, liache kama lilivyo. Usiguse hata nukta. Anayeweza kuandika vile hana tatizo la kalamu. Tatizo lako liko miaka tisa nyuma, kabla hadithi haijaanza.

Ule ujumbe wa binamu ndio unaokuua. Kosa linaloweza kuondolewa kwa sentensi moja, “Yule ni binamu yangu,” haliwezi kuwatenga watu wazima kwa miaka tisa, na msomaji analijua hilo kabla yako. Ndiyo maana kila wakigombana anakunja uso: anangoja mmoja aitamke ile sentensi, na wewe unatafuta visingizio vya kumziba mdomo. Mara simu inalia, mara mtoto anaanguka kwenye bwawa, mara bibi harusi anaita. Siku utakapomruhusu Daudi aseme, hadithi imeisha, kwa sababu hapakuwa na kingine. Halafu linabaki swali baya zaidi: mwanamke aliyemhukumu mtu bila kumuuliza na mwanamume aliyekubali kuhukumiwa bila kujitetea, kwa nini tuwaombee warudiane?

Wanaoachana na kuja kurudiana wanahitaji sababu ambayo kila mmoja, akiwa pale alipokuwa, alikuwa na haki nayo. Na sababu hiyo iwe na pande mbili. Upande wa kwanza utoke nje yao, ili tuamini kwamba mapenzi hayakufa. Mwanasaikolojia Nancy Kalish wa Marekani alianza mwaka 1993 kukusanya habari za watu waliorudiana na wapenzi wao wa zamani baada ya kutengana kwa miaka mingi. Wengi wao walikuwa wamependana ujanani, na miongoni mwa sababu zilizotajwa sana za kutengana kwao ilikuwa wazazi kutokubali. Hawakuwa wamechokana. Kitu cha nje kiliingia katikati. Hilo ndilo linalomfanya msomaji aone kwamba kuna kilichobaki cha kuokota.

Lakini kitu cha nje peke yake hakitoshi, kwa sababu hakiachi kidonda kati yao. Wazazi wakikataa, wapenzi wanalia pamoja. Unahitaji upande wa pili: jambo ambalo mmoja wao alichagua, kwa hiari yake, na likamuumiza mwenzake.

Na dawa ya hilo tayari unayo mkononi, umeiacha tu ikae bila kazi. Ni huyo mdogo wake Rehema anayeolewa. Tuseme miaka tisa iliyopita baba yao aliugua, akashindwa kufanya kazi, na Rehema ndiye akabaki kumlea na kumsomesha mdogo wake. Wakati huohuo Daudi akapata mkataba wa kazi kwenye meli ya abiria. Akamwambia Rehema, twende wote. Rehema akamwambia, nisubiri. Wote wawili walikuwa wanapenda, na wote wawili walisikia “hapana”. Sasa harusi hii ina maana mpya kabisa: mtu aliyemfunga Rehema nyumbani ndiye anayeondoka nyumbani. Mzigo umekwisha wiki ileile Daudi anapotokea, na bibi harusi hajui kwamba yeye ndiye alikuwa sababu. Ukimfanya ajue, tuseme usiku wa kuamkia harusi, utakuwa na sura ambayo wasomaji wako hawataisahau.

Baada ya hapo, washughulikie kumbukumbu zao. Watu wakikumbuka maisha yao, miaka ya kati ya kumi na thelathini hivi ndiyo hujitokeza kwa wingi na kwa uwazi kuliko mingine. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika uchunguzi wa kumbukumbu. Kwa hiyo usishangae kwamba Rehema anakumbuka rangi ya shati la Daudi siku ile. Wasomaji watakuamini. Wasichokiamini ni pale wote wawili wanapokumbuka kitu kilekile kwa namna ileile, kama ulivyofanya kwenye sura ya nne na ya sita. Mpe kila mmoja siku yake. Kwa mfano:

Daudi akasema, “Nilikuomba twende wote. Nilikuomba mara mbili.”

“Uliniomba,” Rehema akajibu. “Na tiketi mfukoni ilikuwa moja.”

Daudi akafungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa moja kweli.

Hakuna aliyedanganya hapo. Daudi miaka yote amejihesabu kuwa ndiye aliyekataliwa, na Rehema miaka yote amejua kwamba ombi lile lilikuja baada ya uamuzi. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa maelezo, na ndiyo maana unaweza kubeba sura ishirini. Toleo la Rehema tupe mapema, sura ya pili au ya tatu, na toleo la Daudi lije katikati. Usimfiche msomaji sababu mpaka mwisho. Siri ndefu inamfanya msomaji ategemee jambo kubwa kuliko lile ulilonalo, na ukimfunulia atahisi ametapeliwa.

Sasa kisiwa. Hapa ndipo nina mengi ya kusema, kwa sababu umekitumia kama pazia la picha, na hoteli ya kisiwani ni mashine ya hadithi iliyokamilika.

Anza na jambo ambalo sura zako tisa hazijaligusa kabisa: mmoja yuko likizo na mwingine yuko kazini. Rehema anaamka anapotaka. Daudi ameamka kabla ya alfajiri kwa sababu pampu ya maji imekataa, boti ya mboga imechelewa, na mgeni wa chumba fulani anadai amesikia jenereta usiku kucha. Kwenye kisiwa kidogo hakuna kinachojitokeza chenyewe. Maji ya kunywa ama yanatoka kwenye tabaka jembamba la maji baridi lililokaa juu ya maji ya chumvi ardhini, ama yanachujwa kutoka baharini kwa mitambo inayokula umeme, ama yanaletwa kwa chombo. Chumvi ya hewani inakula kila bawaba na kila kufuli. Meneja ana sheria za kazi: mahali pengi hakai mezani na wageni akala nao kana kwamba ni mwenzao, na haingii chumbani kwa mgeni bila sababu. Wafanyakazi wanaishi upande wa nyuma, wanaona kila kitu na wanazungumza. Daudi akionekana amekaa ufukweni na dada wa bibi harusi saa nne usiku, jikoni watajua kabla ya saa tano.

Kwa hiyo kila dakika anayompa Rehema ina gharama kwake, na kwa Rehema ni bure. Hiyo ndiyo tofauti ya kuandikia. Mwache Rehema aishi siku mbili bila kuiona, halafu aione: labda anamkuta Daudi nyuma ya chumba cha kufulia, viatu amevivua, anakula chakula chake amesimama kwa sababu ana dakika chache tu kabla ya boti kufika. Anayemtazama pale si yule kijana wa miaka tisa iliyopita wala meneja mwenye suti nyepesi. Ni mtu mzima aliyechoka, na Rehema anampenda huyo. Ukipata ukurasa huo, nusu ya kazi umeimaliza.

Kisha uziheshimu saa za bahari na anga, maana wasomaji wengi wa pwani watakukamata. Umeandika mwezi mpevu siku ya kwanza na mwezi mpevu siku ya saba. Haiwezekani. Mwezi mpevu huchomoza karibu na machweo, kisha kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Baada ya wiki unachomoza karibu na usiku wa manane, na ni nusu. Mwanga wa baada ya machweo katika nchi za joto nao ni mfupi. Jua karibu na ikweta linashuka moja kwa moja, na nusu saa baada ya kuzama giza limeshaingia. Wewe umewapa kurasa saba za mazungumzo chini ya anga la dhahabu. Wape moja, halafu waache wamalizie gizani, ambako hawaonani nyuso. Maneno mengi yanayoshindikana mwangani yanasemeka gizani, kwa hiyo usahihi huu unakusaidia.

Na lile fungu la mchanga. Umewatembeza pale siku ya kwanza saa kumi na moja jioni maji yakiwa yamekupwa, na unataka kuwarudisha saa ileile siku ya saba. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Maana yake saa ya kupwa inasogea mbele karibu saa nzima kila siku. Ifikapo siku ya saba, saa kumi na moja jioni maji yako karibu na kilele chake. Zaidi ya hapo, siku ya kwanza ilikuwa mwezi mpevu, yaani bamvua, maji yanapokupwa sana. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na fungu linaloonekana kwenye bamvua tu halitoki kabisa. Tafuta jedwali la maji la pwani yoyote inayofanana na kisiwa chako, ulifuate siku kwa siku.

Wala usisikitike kwamba nimekuharibia mwisho. Nadhani nimekupa mwingine ulio bora. Daudi, ambaye anaijua bahari ile kwa moyo, anajua tangu siku ya kwanza kwamba hawatarudi pale wiki hii. Rehema hajui. Anaahidi: “Siku ya mwisho tuje hapa tena.” Daudi ananyamaza. Siku ya saba Rehema anashuka ufukweni anakuta maji. Mazungumzo yote makubwa aliyoyapanga kuyasemea pale itabidi ayasemee kwenye njia ya nyuma ya jiko, wahudumu wakipita na mabeseni. Na atamuuliza kwa nini hakumwambia. Swali hilo ni lilelile la miaka tisa: ulijua, ukakaa kimya.

Dhoruba yako siipendi, na nitakwambia kwa nini. Kimbunga kikubwa cha kitropiki hakiji kama mgeni asiyetarajiwa. Huonekana na kutangazwa siku kadhaa kabla, na hoteli inayojali wageni wake itakuwa imeshaanza kuwaondoa. Karibu sana na ikweta, ndani ya takriban nyuzi tano kaskazini au kusini, vimbunga vya namna hiyo ni nadra mno kutokea. Kinachokuja ghafla ni mvua ya radi ya alasiri yenye upepo mkali wa muda mfupi, na hiyo inakutosha kabisa. Ila ikija, meneja hawezi kujifungia chumbani na mpenzi wake wa zamani. Yuko gatini anafunga boti, anahesabu wageni, anauliza kwenye redio ya mkononi waliokwenda kupiga mbizi wako wapi.

Kwa hiyo liandike hivyo. Wako katikati ya mazungumzo ya maana kuliko yote, Rehema amefika kwenye sentensi aliyoibeba miaka tisa, na redio inalia. Daudi anasimama. Rehema anamwona akiinuka kwenda kazini, kama siku ile. Lakini safari hii Daudi anageuka mlangoni anasema, “Nitarudi kabla ya saa mbili. Nikishindwa, nitamtuma mtu aje akwambie niko wapi.” Na saa mbili kasoro anagonga, amelowa chapachapa, anasema, “Endelea pale ulipofikia.”

Hapo ndipo moyo wa jibu langu ulipo, dada. Wapenzi wa zamani hawarudiani kwa kuambizana kwamba wamebadilika. Wanarudiana pale uamuzi uleule uliowatenganisha unapojirudia na mmoja wao akaamua vingine. Mvua ni jaribio dogo la kumwandaa msomaji. Jaribio kubwa lije siku ya tano au ya sita: mwenye hoteli anamtaka Daudi akafungue hoteli nyingine mbali, aondoke baada ya mwezi. Kazi na safari tena, na tiketi tena. Rehema sasa yuko huru kuondoka, lakini kwa miaka tisa amejenga kitu chake, iwe biashara, iwe kazi ya ualimu, na hakukijenga ili akiache kwa sababu mtu amemshika mkono. Usimfanye mmoja wao atoe vyote. Hadithi nyingi za aina hii humtoa mwanamke kwenye maisha yake na kuuita huo ushindi wa mapenzi, na mimi nakuomba kwa dhati usifanye hivyo. Kila mmoja alipe, na tuione gharama.

Kuna shaka moja msomaji anayo hata asipoitamka: je, wanapendana, au ni kisiwa tu? Mwaka 1974 watafiti Donald Dutton na Arthur Aron walimweka mwanamke mrembo kuwahoji wanaume kwenye daraja jembamba linaloning’inia juu sana ya bonde la Capilano nchini Kanada, na wengine kwenye daraja imara la chini. Waliojibu maswali yake aliwapa nafasi ya kuchukua namba yake ya simu. Wa daraja la kutikisika walimpigia zaidi. Watafiti walieleza kwamba msisimko ulioletwa na woga ulichanganyikana na mvuto. Kisiwa nacho kinafanya kazi hiyo: joto, ngozi, muziki wa harusi, siku zilizohesabika, watu wasiokujua. Basi wape jambo moja lisilo na uzuri wowote. Rehema augue tumbo siku nzima. Au wakae pamoja kupanga orodha ya malipo ya harusi ambayo haijumliki. Wakiendelea kutafutana siku hiyo, msomaji atawaamini siku zote nyingine.

Mchumba wa Rehema, nakushauri umfute. Kama lazima abaki, awe mtu mwema, na Rehema amwambie ukweli kabla hajamgusa Daudi. Ulivyomwandika sasa, mlevi na mkali, yupo tu ili Rehema asionekane mkosaji, na hiyo ni njia rahisi mno kwa mwandishi wa kiwango chako.

Kuhusu kulala pamoja kabla ya kusameheana: inawezekana, na mara nyingine ndiyo inayokuwa kweli zaidi, maana miili inakumbukana kabla ya mioyo kukubaliana. Sharti ni kwamba asubuhi yake iwe ngumu kuliko jana. Wakiamka wamepatana kwa sababu tu walilala pamoja, umeuza msamaha kwa bei ya chini. Waamke kila mmoja akiogopa zaidi, Daudi awahi kuondoka kwa sababu ya zamu, na Rehema abaki na kile kitanda akijiuliza kama amefanya lilelile la zamani. Utawatenga siku nzima, na kutengana huko kutakuwa na sababu.

Msamaha wenyewe uandike mfupi. Daudi ataje alichofanya kwa jina lake: “Nilinunua tiketi moja kisha nikakuuliza.” Asiweke “lakini” mbele ya hapo, wala asiseme “nisamehe kama nilikukosea,” kwa sababu anajua kwamba alimkosea. Na Rehema naye ana la kusema, hapa usimwonee huruma: aliombwa anwani akakataa kuitoa, barua zilizorudi alizirudisha yeye. Kama hakufanya hivyo katika rasimu yako, mfanye afanye. Mtu asiye na kosa hana cha kurudia upya.

Ile sura ya mwisho uliyoitaja mwishoni mwa barua yako, “miaka miwili baadaye”, yenye mapacha na nyumba yenye veranda, iondoe yote. Mahali pake weka asubuhi ya kuondoka, gatini. Mizigo imeshapakiwa na boti inaunguruma. Waache wazungumze yale watu huzungumza kweli wakati huo: nani atamfuata nani kwanza, mwezi gani, nauli atalipa nani, na kama shughuli ya Rehema inaweza kuachwa mikononi mwa mtu kwa wiki tatu. Daudi atoe simu, wahesabu siku pamoja. Rehema abishane juu ya tarehe. Wakishakubaliana tarehe, kata.

Anza kwa kuandika upya sura ya tatu, ile ya ujumbe wa simu, uweke tiketi mahali pake. Zilizobaki zitakulazimisha mwenyewe kuzibadilisha. Nitumie ukimaliza hiyo, nitaisoma kabla hujaendelea na ya nne.